Chembe ya kuangaza bongo bila masini itatusaidia nini?

Wasikilizaji wamekuwa wakituuliza kama ni kweli kwamba Wazungu wamepata dawa ya uvimbe wa bongo inayotoka katika sumu ya nge. Dawa, hapana. Sumu ya nge, ndiyo. Na mimi naona habari hiyo inatuhusu sana kuliko vile watu wanafikiri.

Uvimbe wa bongo uko na tabia mbaya ya kujipenyeza. Munganga wa upasuaji akifungua kichwa, haoni vizuri mahali uvimbe unaishia na mahali bongo nzima inaanzia. Akikata kidogo, ugonjwa unarudia. Akikata sana, mugonjwa anaweza kuamuka akiwa hawezi tena kusema ao kutembea. Hata IRM, ile masini kubwa ya sumaku, haionyeshe ule mupaka wote sawasawa. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kitu cha kuingiza katika damu, ambacho kitaenda kushika uvimbe peke yake na kuuonyesha.

Katika Chuo Kikuu cha Washington, muji wa Seattle, Marekani, kundi la Miqin Zhang lilitangaza mwaka 2009 chembe zenye upana wa nanometa karibu 33. Kata milimeta moja vipande milioni: kila kipande ni nanometa moja. Ndani ya chembe kuna chuma, kwa sababu sumaku ya IRM inakionyesha. Kuna rangi inayoonekana kwa kamera maalum. Na juu yake kuna klorotoksini, ile sehemu ya sumu ya nge wa jangwa ambayo inashika seli za uvimbe na kuacha zile nzima. Kazi ngumu ilikuwa kupita ule ukuta wa mishipa unaolinda bongo, ambao dawa nyingi zinashindwa kuupita. Chembe zilipita. Lakini zilipita katika panya, na hilo neno «panya» limepotea njiani kabla habari haijafika katika WhatsApp yetu.

Kwa watu, Wafaransa wamesonga mbele kwa njia ingine. Grenoble, wagonjwa 15 wenye kansa iliyofika katika bongo walidungwa chembe za gadolini zinazoitwa AGuIX. Hizo hazina klorotoksini ya nge. Zinaingia kwa sababu mishipa ya uvimbe inavuja. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba hata juma moja kisha sindano zilikuwa bado zinaonekana ndani ya uvimbe, na zinatazamiwa pia kuongeza nguvu ya matunzo ya miali.

Sasa tuje kwetu. Mutu anaumwa kichwa kila asubuhi, anatapika, macho yanafifia, mara anaanguka na kutetemeka. Anapewa dawa ya malaria. Kisha ya tifoide. Kisha anapelekwa katika chumba cha maombi, na huko bibi mumoja muzee wa mutaa anaanza kutajwa kuwa mulozi. Siku ambayo munganga anakuja kuangalia ndani ya kile kichwa kwa masini, mara nyingi familia imekwisha kuuza shamba ili kuvuka Rusizi na kwenda Kigali, na uvimbe umekuwa mukubwa hata hauhitaji chembe yoyote ili uonekane.

Wenzangu fulani wa mikrofoni wanasema tuache habari za nano, tuzungumuzie barabara. Mimi nakataa. Chembe hizo hazionekani peke yake, zinaonekana ndani ya IRM. Kila hatua ambayo watafiti wanapiga inaongeza umbali kati ya mwenye masini na asiye nayo. Na masini hiyo haifanane na radiografia ya kawaida: sumaku yake inapozwa na heliamu mupaka digrii 269 chini ya sufuri, inaomba umeme usiokatika, na fundi wa kuifuata. (Nyuzi za ile sumaku ziko na niobiamu, na «kol» ya koltani ni jina la zamani la niobiamu. Sisemi inatoka kwetu. Sehemu kubwa inatoka Brazil. Lakini inaniuma.)

Basi wajumbe wa jimbo wakikaa kuzungumuzia bajeti, tuwaulize IRM ya watu wa kawaida imeandikwa kwenye mustari gani, pamoja na umeme wake, fundi wake na bei ambayo muuza ndizi anaweza kulipa. Bila hiyo bei, hata ikinunuliwa itabaki ya wakubwa.

Kuna jambo moja halingojee bajeti. Infirmie wa kituo cha afya anayeona mutoto anaumwa kichwa na kutapika asubuhi kwa majuma mawili, ao mutu muzima anayetetemeka kwa mara ya kwanza, amuandikie transferi siku ileile. Na familia iiombe hiyo karatasi, asipoiandika.