TAHARIRI: Gari la Wagonjwa Likiondoka Tupu



Gari la wagonjwa likifika mlangoni, likakaa nusu saa, kisha likaondoka bila ya mgonjwa, jamaa hunung'unika: wamekuja kufanya nini? Katika nchi ambazo huduma hii imekomaa, jambo hilo ni la kawaida. Huko Sheffield, Uingereza, baadhi ya wahudumu wa magari hayo walifundishwa zaidi namna ya kuwapima na kuwatibu nyumbani wazee wenye maradhi na majeraha madogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 3,000, ulionyesha kuwa waliofika hospitali walipungua, wagonjwa waliridhika zaidi, na vifo havikuzidi.

Kwetu Tanzania mlango wa kuwachuja wagonjwa umefunguliwa upande mmoja, katika mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito, mzazi au mwenye mtoto mchanga hupigiwa simu 115 bila malipo. Anayepokea huuliza dalili, ndipo huamua kama ni dharura na gari gani litumwe, la kituo cha afya au la dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Uchujaji huu una maana kubwa. Mzazi anayetokwa damu nyingi aweza kufa katika muda wa saa mbili. Gari likiwa njiani kuelekea Musoma na mtu wa kidole kilichokatwa, ambacho kingesafishwa na kushonwa papa hapa, mama huyo amedhulumiwa.

Lakini wepesi wa maradhi haujulikani kwa macho, na sisi wa Buhemba, watu wa machimbo, yatupasa tulijue hilo kuliko wengine. Mchimbaji aliyechoma dhahabu yenye zebaki ndani ya chumba hurudi nyumbani mzima. Baada ya saa chache huja kikohozi, homa na kubanwa kifua. Mwenyewe atasema ni mafua, kumbe mvuke ule unaunguza mapafu. Aliyeangukiwa na jiwe tumboni hutembea, huzungumza, hata huomba chai, ilhali damu inavuja ndani. Ni nani basi wa kusema, "Huyu abaki"? Si dereva, hata awe hodari vipi.

Wanazuoni wa fiqhi wamembebesha dhamana ya madhara mwenye kutibu asichokijua, na wakamwondolea tabibu mjuzi asiyevuka mipaka ya kazi yake. Kwa msingi huo, mgonjwa asiachwe nyumbani kwa kuwa mafuta yamekwisha. Amwache aliyesoma, akampima mapigo, pumzi na presha, akaandika alichokiona, akawaeleza jamaa dalili za kuwafanya waite tena, na akamkabidhi kwa mwenye kumtazama kesho yake. Mtu wa kukabidhiwa aweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii; Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano.

Tunaiomba Halmashauri ya Butiama, kila inapopanga ununuzi wa gari, ipange pamoja nalo mafunzo ya atakayekaa nyuma na mgonjwa. Nao maimamu wawatangazie waumini baada ya Ijumaa namba 115 na wanaostahiki kuipigiwa.