Sehemu ya 4: Mlango wa gari la zamani haufungwi kwa kamba

Mama zangu na baba vijana, leo tuongelee yale magari ya zamani tunayoyapenda. Peugeot 504, kwa mfano. Gari la mwaka 1968 hilo, likashinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Mzee akikuachia moja, lazima uringe nayo!

Ila jamani, rangi mpya, rimu zinang'aa, halafu mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba? Msimamo wangu kama nesi: ukiwa na mtoto, kitasa kwanza, rangi baadaye.

Najua mtasema, "Gari lenyewe halikimbii, tunaenda nalo harusini tu." Sawa. Lakini kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiegemea mlango uliolegea, gari likakata kona, kichwa ndicho kinatangulia kwenye lami. Hapo hata mwendo mdogo unatosha. Na hiyo kamba, siku ya ajali, ndiyo itawazuia watu kuwatoa ndani haraka.

Sasa mkienda gereji, msikubali fundi aanze kugonga kitasa kwa nyundo. Aanze na bawaba. Fungua mlango nusu, shika ncha yake, nyanyua juu. Ukicheza, pini na bushi za bawaba zimelika. Zibadilishwe kwanza, maana mlango ulioshuka haukutani sawasawa na kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa kinakishika.

Kisha kitasa kifunguliwe, kioshwe grisi iliyoganda, springi ikaguliwe. Springi iliyochoka ibadilishwe, halafu kipakwe grisi mpya. Kile chuma cha kwenye nguzo nacho kitazamwe. Kikiwa na mfereji wa kulika, tafuta kingine. Kikiwa kizima, kinalegezwa bolti na kusogezwa kidogo kidogo mpaka mlango ukae usawa na bodi.

Vitasa vya magari mengi vinashika kwa hatua mbili. Mlango ukiwa wazi, fundi asukume ulimi wa kitasa kwa bisibisi: utasikia "tak", halafu "tak" ya pili. Avute mkono wa mlango, uachie. Ukigoma kuachia, asiufunge, utamfungia ndani! Ukiishia "tak" ya kwanza, huo mlango umeegeshwa tu, haujafungwa.

Kazi hii haiwezi kulingana gharama na kupiga rangi gari zima. Na kama bado hamjaipata hela yake, basi gari lipumzike, mtoto apande daladala. Babu hatakasirika.

Leo jioni zunguka gari lako, nyanyua kila mlango, sikiliza "tak" mbili. Kisha niambie hapo chini umekuta nini.

Sehemu ya 5: mikanda. Maana kitasa kizima bila mkanda ni nusu ya kazi.