Filamu za Kongo zilizoonekana Cannes na Berlin kabla ya kuonekana nyumbani

Jioni, moto wa SNEL ukiwa umerudi, jamaa nyingi za Lubumbashi, Kisangani ama Uvira humaliza siku mbele ya televisheni, flashi ikiwa imejazwa filamu kwenye kibanda cha jirani. Ndani ya flashi hiyo kuna Wahindi wanaoimba chini ya mvua, Wanigeria wanaogombania urithi, Wachina wanaoruka juu ya paa, na sauti ya mtu mmoja anayetafsiri kwa Kiswahili akiwa baba, mama, mwizi na polisi kwa wakati mmoja. Si vibaya. Watu wamechoka na wanataka kucheka. Lakini ni vigumu kukuta humo filamu moja ambamo mtu anasema Kiswahili cha Kolwezi ama cha Kisangani kwa mdomo wake mwenyewe, bila mtafsiri.

Filamu kama hizo zipo, tena si chache. Zimezunguka Ulaya zikiwa na maandishi chini ya picha, kwa sababu watazamaji wa kule hawasikii lugha. Wale wanaoisikia lugha toka tumboni mwa mama zao, wengi hawajaziona, na wengine hata majina yake hawayajui. Hapo ndipo penye kasoro, na inaweza kuanza kurekebishwa nyumbani, jioni moja tu.

Ya kuanza nayo ni Makala, ya mwaka wa 2017. Jina lake halihitaji kutafsiriwa. Emmanuel Gras, mtengenezaji wa filamu Mfaransa, alimfuata Kabwita Kasongo, baba kijana wa kijiji cha Walemba, katika jimbo la Lualaba, toka siku anapoangusha mti mkubwa kwa shoka hadi siku anapouza makala yake Kolwezi. Kati ya siku hizo mbili kuna tanuru la udongo, na kuna barabara ya kilometa karibu 50 ambayo anaipita kwa miguu, akisukuma baiskeli, ama kinga kama wanavyosema Katanga, iliyobebeshwa magunia mpaka yenyewe haionekani tena. Hakuna sauti ya mwandishi wa habari inayoeleza kitu. Kuna magurudumu, vumbi, pumzi ya mtu anayepanda kilima, na malori yanayopita karibu mno.

Kila mkaaji wa Likasi ama Kolwezi amekwisha kumpita mtu kama huyo njiani, yeye akiwa ndani ya gari. Anamwona kwa sekunde tatu, dereva anapiga honi, basi. Filamu inabaki naye saa moja na nusu. Inamwona akidaiwa pesa ili apite. Inamwona akimpelekea binti yake viatu mjini. Inamwona akiuliza bei ya mabati, kwa sababu shida yote hiyo ni juu ya nyumba anayotaka kuijengea jamaa yake, na bei anayotajiwa inamnyamazisha. Halafu kuna soko. Wanunuzi wanabishana naye juu ya gunia, wanataka apunguze, apunguze tena. Mama anayeangalia filamu hii Lubumbashi amekwisha kubishana hivyo mara mia. Sasa ataiona bei ile kutoka upande wa pili, baada ya kutembea na gunia toka msituni.

Kolwezi ni mji unaotoa shaba na kobalti inayoingia katika betri za magari ya China na Ulaya, na bado chakula chake kinapikwa kwa makala ya watu kama Kabwita. Filamu haisemi neno hilo hata mara moja. Haina haja. Huko Cannes, Makala ilipewa tuzo kuu ya Semaine de la Critique, na watazamaji wa kule walilazimika kusoma maneno ya Kabwita chini ya picha. Mtu wa Katanga hatasoma kitu. Atamsikia.

Lazima pia kusema kwamba Makala inakwenda polepole. Aliyezoea karate atauliza, dakika ya kumi, hadithi inaanza lini. Imekwisha kuanza. Ni vizuri kumwambia mapema ili asiende kulala.

Kuna wale watakaosema: mzungu tena, na Mkongomani maskini tena. Neno hilo si la kutupwa. Kwa miaka mingi Kongo imepigwa picha na watu waliokuja na kamera na kurudi na tuzo, na watoto wa Goma wamechoka kuonekana kila mara mbele ya hema la wakimbizi. Jambo hilo lenyewe limekuwa filamu. Mwaka wa 2020 Mholanzi Joris Postema alitoa Stop Filming Us, iliyopigwa Goma pamoja na wasanii vijana wa mji huo, ambamo swali ni moja: nani ana haki ya kuupiga picha mji huu, na aonyeshe nini? Wasanii hao hawamwachi mgeni apumzike. Kilichofuata ni kizuri zaidi. Wakongomani wawili, Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa, walichukua picha zilezile na kutengeneza filamu yao, Stop Filming Us But Listen, ya mwaka wa 2022. Nyumba yenye vijana wanaobishana siku nzima juu ya picha za TikTok ingefaa kuziona zote mbili, moja baada ya nyingine. Picha ni zilezile, lakini mji hauonekani sawa.

Na kwa anayetaka kuona Kongo ikipigwa picha na mtoto wa nyumba, jina la kukumbuka ni Dieudo Hamadi. Alizaliwa Kisangani mwaka wa 1984, akaanza kusomea udaktari kabla ya kushika kamera. Kamera yake bado ina tabia ya daktari: inakaa karibu na mgonjwa, haipigi kelele, haigeuzi uso.

Filamu yake Examen d'État, ya mwaka wa 2014, inafuata wanafunzi wa Kisangani waliofukuzwa masomoni kwa sababu hawakulipa prime ya walimu. Wanakodi nyumba, wanaiita maquis, wanasoma usiku pamoja, na kadiri mtihani unavyokaribia wanatafuta msaada kila mahali: kwa vitabu, kwa maombi, na kwa wale wanaouza majibu. Mzazi yeyote aliyewahi kukusanya pesa za mtihani atacheka katika dakika za kwanza. Baadaye hatacheka sana. Toka mwaka wa 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yametangazwa kuwa bure, lakini sekondari haikuingia katika mpango huo, kwa hiyo filamu hii haijazeeka. Iangaliwe pamoja na mtoto wa darasa la sita la sekondari, na baba asiwe na haraka ya kutoa mafundisho. Mtoto ndiye anayejua zaidi.

Maman Colonelle, ya mwaka wa 2017, inamfuata kolonele Honorine Munyole, wa polisi ya kulinda watoto na wanawake, anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Huko anakuta watoto walioteswa kwa kuitwa wachawi, na wanawake waliobakwa wakati wa vita ambao hakuna aliyewauliza kitu kwa miaka zaidi ya kumi. Hana pesa, hana gari la maana, lakini ana sauti, kofia ya polisi, na kichwa kigumu. Katika nchi ambako raia akimwona polisi hukumbuka kwanza mfuko wake, inashangaza kidogo kumwona polisi mmoja anayefanya kazi yake.

Wanawake hao wa Kisangani ndio wanaoleta filamu kubwa kuliko zote za Hamadi, En route vers le milliard, ya mwaka wa 2020. Toka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda lilipigana ndani ya Kisangani, mji usio wao wote wawili. Mabomu yaliangukia nyumba za raia. Mamia walikufa, wengine wakabaki bila mguu, bila mkono. Mwaka wa 2018 kundi la majeruhi hao likaamua kushuka mto hadi Kinshasa kudai haki yao mbele ya wakubwa wa serikali.

Safari hiyo ya kilometa zaidi ya 1,500 ndiyo moyo wa filamu. Watu wenye magongo na miguu ya bandia wanalala katika mashua yenye watu kupita kiasi, chini ya turubai ambalo upepo unalivuta. Mvua inawanyeshea. Wanagombana, wanaimba, wanacheka kwa mambo ambayo mtu mzima wa miguu hawezi kuyatania. Wakifika Kinshasa wanakuta mji ulioshikwa na uchaguzi, na milango iliyofungwa. Katikati ya safari, Hamadi anaweka vipande ambamo watu haohao wanaigiza hadithi yao jukwaani. Vipande hivyo vinasumbua mwanzoni, vinakata safari. Lakini bila hivyo mtazamaji angewaona tu kama watu wanaoomba, na wao si waombaji.

Filamu hii ilichaguliwa na Cannes mwaka wa 2020, mwaka ambao tamasha lenyewe halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya corona. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Mfuko unaoitwa FRIVAO uliwekwa Kisangani ili kugawa pesa hizo kwa waathirika, na toka hapo maneno juu yake hayajaisha. Nani yuko kwenye orodha? Nani ameongezwa? Pesa zimepita wapi?

Hapo ndipo filamu inaacha kuwa burudani ya Jumamosi tu. Kijana wa miaka 20 wa Kisangani hakuwa amezaliwa mwaka wa 2000. Jina FRIVAO analisikia redioni kila wiki, lakini hajawahi kukaa saa moja na nusu pamoja na watu ambao pesa hizo ni zao. Akiwaona wakisukumwa getini huko Kinshasa, hatalisikia jina hilo kwa namna ileile.

Swali linalobaki ni namna ya kuzipata. Nyingi ziko kwenye mitandao ya kukodisha filamu, lakini orodha ya kilichopo hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, malipo yanaombwa kwa kadi ya benki ambayo wengi hawana, na filamu moja yenye picha nzuri inaweza kumaliza mega za wiki nzima. Kwa hiyo mtu anarudi kwenye kibanda na flashi yake. Kumlaumu ni rahisi, lakini hakuna mlango mwingine aliofunguliwa. Anayeweza kulipa, alipe: pesa hizo ndizo zinazomruhusu Hamadi ama Vivuya kupiga filamu nyingine. Wanaokaa Ulaya na Marekani, ambao kila wiki hutuma pesa kwa jamaa, wangeweza kukodisha filamu na kuiangalia na wazazi wakati wamekuja likizo. Tena kuna kumbi, kama ile ya Yole!Africa ya Goma, ambazo zimeonyesha filamu za namna hii kwa vijana bila kungoja mtu kutoka Kinshasa.

Lakini jukumu la kwanza ni la televisheni. RTNC na televisheni za majimbo hujaza saa nyingi na sherehe za wakubwa zinazorudiwa asubuhi na jioni. Kununua haki ya kuonyesha Makala mara mbili kwa mwaka hakuwezi kuwa mzigo kuliko gari moja la msafara. Filamu za watu wanaosema Kiswahili zingeonyeshwa Lualaba, Tshopo na Kivu bila hata kuongeza tafsiri. Shirika la televisheni ambalo halijaona faida hapo, halijataka kuiona.

Wakati hilo linangojewa, zipo nyingine za kutafuta kidogo kidogo: Tongo Saa ya Nelson Makengo, ya mwaka wa 2024, juu ya wakaaji wa Kinshasa wanaochanga pesa wanunue wenyewe waya wa umeme, na Augure ya Baloji, mtoto wa Lubumbashi, ya mwaka wa 2023, juu ya kijana anayerudi kutoka Ulaya na kukuta jamaa yake bado inamwita mchawi. Hii ya pili ina mambo ya ajabu mengi na si ya kila mtu. Anayeanza, aanze na Makala, watoto wakiwa macho. Maman Colonelle ingoje kwanza wadogo walale.