Bima ya Safari: Usifiche Maradhi ya Mzazi

Ndugu Waislamu, mzee mmoja wa msikitini kwetu, mwenye kisukari, anajiandaa kwenda Ujerumani kumzuru bintiye. Viza ya Schengen humtaka msafiri awe na bima isiyopungua yuro 30,000, yenye kugharimia matibabu ya dharura na kumrejesha nyumbani, akiwa hai au maiti. Mwanawe alichagua iliyo rahisi zaidi, na palipoulizwa maradhi akajaza “hana”. Nilimsihi airekebishe fomu ile. Uongo ukigundulika, kampuni yaweza kukataa kulipa, na deni la hospitali likawaelemea watoto. Kabla ya bei, ulizeni: je, inagharimia maradhi ya awali? Takaful ikipatikana, itangulizeni. Mzee atasafiri na bima ghali kidogo, lakini ya kweli. Allah amfikishe salama.