Ndoo Kichwani Si Utamaduni

Imekuwako desturi, katika mikutano yetu na hata katika maandishi yetu, ya kumsifu mama wa shamba kwa mzigo alioubeba. Mwandishi akitaka kuonyesha kwamba anaipenda asili yake, humweka mama mwenye mtungi kichwani, mtoto mgongoni na jembe begani. Na mchoraji akipewa ukuta wa jengo la umma hufanya vivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimo katika kosa hili. Nimetunga mashairi kwa zaidi ya miaka 30, na miongoni mwa tungo zangu za ujana ziko tatu au nne ambamo mama hashuki bondeni ila ana mtungi, wala hapandi mlima ila anaimba. Leo nimekusudia kuzipinga tungo hizo, pamoja na wote wanaofikiri kama nilivyofikiri siku nilipoziandika.

Mwaka 2016 nilihamishiwa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, baada ya kufanya kazi Mwanza kwa miaka mingi. Nilifurahi, kwani Kibimba ndiko kwetu, na mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kuwa mzee wa kutunzwa. Niliamua kwamba familia yote ihamie kijijini, nami nipange chumba karibu na ofisi na kurudi nyumbani kila mwisho wa juma. Uamuzi huo niliufanya mimi. Mke wangu aliarifiwa. Tukapakia vyombo, tukavuka Busisi kwa kivuko, tukapita Geita na Biharamulo, tukaingia katika vilima vya Ngara mvua ikinyesha. Njia nzima niliwaambia watoto kwamba sasa wanakwenda kuujua utamaduni wao.

Mwanza tulikuwa na nyumba ya kupanga yenye bomba uani. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Pangani, alikuwa na cherehani kibarazani, na kwa cherehani hiyo alilipa karo ambazo mshahara wangu haukuzifikia. Jioni, baada ya chakula, aliwakusanya watoto. Akisema "Paukwa!" nao wakaitikia "Pakawa!", na hadithi zikaanza: za sungura na fisi, za jini wa mtoni, za binti aliyekataa wachumba. Vitendawili vilitegwa na kuteguliwa hata usingizi ukawapitia. Mimi nilisikiliza kutoka chumba cha pili, na sikuona ajabu yoyote. Nilidhani hadithi hutoka kinywani mwa mama kama maji yanavyotoka bombani.

Kibimba mama yule yule aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alichukua dumu la lita 20 na kata ya majani makavu ya mgomba, akashuka bondeni kwenye chemchemi, akangoja zamu, akapanda. Alirudi mara ya pili kabla hajawasha moto. Kisha uji wa watoto, kisha uji wa mama mkwe, kisha shamba la maharagwe na migomba. Adhuhuri kuni, kumenya ndizi, kupika. Alasiri muhogo wa kuanika na wa kuanua, nguo za kufua. Magharibi dumu la tatu. Nilipokuwa katika likizo yangu ya siku 28 nilifanya jambo ambalo ningalilifanya mapema zaidi: nilishika saa ya mkononi na daftari. Safari moja ya maji ilichukua saa moja na robo. Safari tatu kwa siku, siku saba kwa juma, ni saa 26 na robo. Ofisini mimi huhesabiwa saa 40 kwa juma, nami hulipwa. Yeye alikuwa amezidi nusu ya saa zangu kabla hajashika jembe wala mwiko, na kwangu mimi hiyo ilikuwa haijawa kazi bado. Ilikuwa maji tu.

Usiku mmoja katika likizo hiyo mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, alikaa mbele ya mama yake jikoni akasema, "Mama, paukwa." Mama yake hakuitikia. Mtoto akasema tena. Nilipochungulia niliona mke wangu amelala ameketi, mgongo ukutani, mwiko mkononi. Mtoto akaniangalia, akasema, "Baba, siku hizi mama hana hadithi." Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kanga tangu siku tuliyohamia.

Ndugu msomaji, nakuomba uipime hali hiyo. Nilikuwa nimeiondoa familia yangu mjini, mahali tunapoambiwa kwamba utamaduni unakufa, nikaipeleka kijijini, mahali tunapoambiwa kwamba utamaduni unaishi. Na kitu cha kwanza kilichokufa kijijini kilikuwa hadithi. Haikuuawa na sinema wala na simu. Iliuawa na dumu la lita 20.

Katika majuma hayo hayo tulikuwa na karamu ya ndoa kwa jirani. Bwana mmoja, mtu wa heshima zake, ambaye hupenda kusimama na kunena habari za mila, alimwona mke wangu akipandisha maji ya wapishi. Akamsifu mbele ya watu: kwamba alikuja hapa mwanamke wa mjini, na sasa amekuwa mama kamili wa Kiafrika. Watu walipiga makofi. Mke wangu alilitua dumu, akapumua, akamjibu kwa adabu: "Ahsante, shemeji. Basi nawe lipokee ulifikishe jikoni, Uafrika huu tuugawane." Watu walicheka sana. Bwana yule hakulipokea, na sikulipokea mimi. Nalitaja hili kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu zaidi kuliko yeye.

Wanaosema kwamba mzigo huu ni mila ya mababu hawajauliza umri wake. Mimi niliuliza. Mama yangu alinieleza kwamba alipoolewa, shamba lilianzia mlangoni. Migomba ilizunguka nyumba, na mke wa ndugu wa mumewe alikuwa ng'ambo ya migomba, wakichambua maharagwe pamoja na kusimuliana. Kisha, Novemba 1973, likatoka agizo kwamba kuishi katika vijiji ni lazima kwa kila mtu, na ikawekwa mipaka ya muda hadi mwisho wa 1976. Mkoa wetu siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulilipata mwaka 1979. Sina nia ya kuikashifu nia ya vijiji. Shule niliyosoma ililetwa na vijiji, na bila hiyo nisingaliandika ukurasa huu. Lakini nyumba zilipopangwa kwa mistari kandokando ya barabara, shamba lilibaki lilipokuwa, na aliyeijaza nafasi iliyo kati ya nyumba na shamba kwa miguu yake, asubuhi na jioni, alikuwa mama. Umbali huo haukutoka kwa mababu. Una tarehe.

Kuni nazo zina tarehe. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni, wakikimbia mauaji ya Rwanda, walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara. Benako, pahali palipokuwa kambi ya wajenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wana Ngara waliwapokea, na hilo ni jambo la kuandikwa kwa fahari. Lakini watu wote wale walipika, na walipika kwa kuni; miti ya vilima vilivyozunguka kambi ikaisha, na mama aliyezoea kuokota kuni karibu na kwake akazifuata mbali. Wengi wa wakimbizi wale walirudi kwao Desemba 1996. Miti haikurudi siku ile ile.

Na maji? Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ambao shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliurudia umbali ule ule wa mita 400. Taifa lenyewe, basi, limekiri kwa maandishi, zaidi ya mara moja, kwamba saa moja na robo ni kasoro ya kuondolewa. Ni sisi watu wa kalamu tulioichukua kasoro hiyo, tukaitia vina na mizani, tukaiita urithi.

Azimio la Arusha la 1967 halikumficha mama huyu. Lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, pasipo kujali Jumapili wala sikukuu, huku wanaume wengi wa vijijini wakiwa kama watu walio likizoni nusu ya maisha yao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama imekwisha kuona kazi pale ambapo washairi bado tunaona mandhari.

Nayajua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba bomba, mashine ya kusaga na jiko la gesi ni mambo ya kigeni yatakayotupotezea asili yetu. Haya! Mwanamume wa Ngara alipokea baiskeli, akapokea redio, bati, saa, pikipiki na simu, na hakuna kikao kilichoitishwa kuomboleza asili yake. Kila chombo kilichompunguzia baba jasho kiliitwa maendeleo. Neno utamaduni hutolewa kabatini pale tu nafuu inapobisha hodi jikoni. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na haikupita hata wiki nikamsikia mtu akisema kwamba chakula cha gesi hakina ladha ya kwetu. Nilimwuliza mara ya mwisho kupuliza moto ilikuwa lini. Hakukumbuka.

Jibu la pili ni kwamba ni aibu mwanamume kuteka maji. Hili ni la uongo mtupu, na kila mtu anajua. Pita katika miji yetu yote wakati wa kiangazi uone vijana wa kiume wenye madumu manne au matano kwenye baiskeli, wakiuza maji mlango kwa mlango, nao hawaoni haya. Kwa hiyo aibu haimo katika maji. Maji ya kulipwa ni kazi ya mwanamume. Maji ya bure ni mila ya mwanamke.

La tatu ndilo lililonisumbua zaidi, maana hulisema akina mama wazee wenyewe: kwamba wao walibeba, na hawakufa. Nililipeleka kwa mama yangu, nikitumaini labda atanipa sababu ya kupumzika. Nilimwuliza, "Mama, ninyi si mlikuwa mkiteka maji kwa nyimbo?" Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, tuliimba ili tusilie. Nani alikwambia tulipenda?" Nikakumbuka tungo zangu za ujana, nikanyamaza.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na kazi aliyoipa ilikuwa kuzitafuta mila na desturi zilizo bora katika makabila yetu. Zilizo bora, si zote. Kuchagua ni wajibu tuliopewa siku ya kwanza. Hadithi ya Pangani inayosimuliwa Kibimba kwa watoto ambao bibi yao huwatania kwa Kihangaza, huo ndio utamaduni wa taifa. Sijui mwingine ulio mkubwa kuliko huo. Lakini hauwezi kusimuliwa na mtu aliyelala ameketi.

Nanyi walimu, ambao kwa ajili yenu hasa nimeandika, nina neno moja. Kila mwaka mnawapa wanafunzi insha ya kumsifu mama, nao huandika kwamba mama ni nguzo, mama ni taa, mama hachoki. Waambieni waandike insha nyingine: siku moja ya mama, saa kwa saa, tangu kuamka hata kulala, na kando ya kila saa waandike baba alikuwa wapi na kaka alikuwa wapi. Na siku mtakapoisahihisha, jiulizeni pia ni nani anayewaletea ninyi maji nyumbani, na kwa nini mara nyingi ni wasichana wa kidato cha pili.

Mimi sasa Jumamosi na Jumapili hushuka bondeni kwa baiskeli, pamoja na mwanangu mkubwa wa kiume. Mwanzoni tulichekwa, siku hizi tunasalimiwa tu. Cherehani imefunuliwa, ingawa kwa siku mbili hizo peke yake, na siku tano zilizobaki mambo ni kama yalivyokuwa. Nilipeleka ombi katika mkutano mkuu wa kijiji kwamba chemchemi ijengewe na maji yapandishwe hadi kitongojini. Liliwekwa mwisho wa ajenda, chini ya mengineyo. Tulipofika kwenye mengineyo jua lilikuwa linatua, na mwenyekiti alipouliza kama akina mama wana la kusema juu ya jambo hili, tuligeuka tukaona upande wao wa uwanja ni mtupu. Walikuwa wamekwenda kuteka maji.