Mwalimu na Michezo ya Kusisimua ya Televisheni: Ukweli Upi Tuutafute?

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, niliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi, nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha ufahamu. Somo lilikuwa likienda vizuri. Ghafla mtoto mmoja akanyosha mkono, akalalamika kwamba kalamu yake imeibwa. Mwalimu yule kijana, kwa kutojua la kufanya mbele ya mkaguzi, akaliuliza darasa zima nini kifanyike. Mvulana wa dawati la mbele akajibu bila kusita: “Mwalimu, mshike aliyekaa naye, mbane vidole kwa kalamu mbili. Atasema tu. Hata kwenye televisheni huwa wanasema.” Darasa likaangua kicheko, isipokuwa yule aliyekaa naye.

Baada ya kipindi, tukio lile lilizua mjadala katika chumba cha walimu. Mwalimu mmoja mkongwe alishikilia kwamba watoto wakatazwe kabisa kutazama michezo ya namna hiyo, maana yote ni uongo mtupu: mtu mmoja anapigana na ishirini na shati lake halichafuki. Mwalimu mwingine, ambaye umri wake haukuwa mkubwa, akapinga. Watoto wanajua kwamba ule ni mchezo, alisema, kama wanavyojua kwamba sungura hasemi. Kwa nini tuwaharibie starehe yao? Siku ile nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu. Ninaandika makala haya kwa sababu nadhani sasa ninalo, na kwa sababu ninyi walimu wanafunzi mtakutana na swali hilo kabla hamjamaliza muhula wenu wa kwanza wa kazi.

Tuanze na hoja ya mwalimu mkongwe. Kwamba jambo fulani haliwezi kutokea katika maisha si aibu kwa hadithi. Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Uingereza, alieleza mwaka 1817 kwamba msomaji wa ushairi huiweka shaka yake kando kwa hiari, kwa muda, ili apate kuonja anachopewa. Wataalamu wamelirudia wazo hilo tangu wakati ule kana kwamba liligunduliwa huko. Bibi zetu walilijua bila kulipa jina. Bibi akisema “Paukwa”, na watoto wakaitikia “Pakawa”, mkataba umekwisha kufungwa: kuanzia hapo fisi ataongea, mti utakimbia, na hakuna mtoto atakayesimama kuuliza fisi alijifunza lini Kiswahili. Angalieni pia kwamba wanaoitikia ni watoto wenyewe. Wasipoitikia, hadithi haianzi.

Mkataba huo una masharti yake. Sungura akifungwa kamba, kisha mara akaonekana anakimbia pasipo kuelezwa alifunguliwaje, mtoto wa miaka 6 atamkata bibi kauli. Haombi hadithi ifanane na maisha. Anadai hadithi ifuate sheria zake yenyewe. Nadhani huo ndio uhakiki wa kwanza wa fasihi ambao mtoto hujifunza, tena huujua kabla hajafika kwetu.

Hata hivyo, mchezo wa kusisimua wa televisheni hauna “Paukwa”. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mfano bora niujuao ni mfululizo wa Kimarekani uitwao 24, ulioanza kuonyeshwa Novemba 2001, ukaendelea kwa misimu 8 hadi 2010, kisha ukarudi kwa sehemu 12 mwaka 2014. Katika misimu ile 8 kila msimu ulikuwa na sehemu 24, na kila sehemu ilikuwa saa moja ya siku moja. Saa ya tarakimu huonekana kiooni ikihesabu sekunde kwa mlio, na hata matangazo ya biashara yanapoingia, saa ya hadithi haisimami. Picha hugawanywa vipande ili mtazamaji aone watu watatu au wanne kwa wakati mmoja, nayo kamera hutikisika kama iliyoshikwa na mwandishi wa habari anayekimbia. Hila zote hizo zina kauli moja: hii si hadithi, jambo hili linatokea sasa hivi.

Na ndani ya saa hiyo ya kweli hutokea mambo ya kisungura kabisa. Shujaa Jack Bauer, aliyeigizwa na Kiefer Sutherland, anashinda kutwa kucha bila kulala wala kuketi chakulani. Huvuka jiji la Los Angeles, linalojulikana duniani kote kwa msongamano wa magari, kwa dakika chache. Katika msimu wa pili anateswa hadi moyo wake unasimama. Anarudishiwa uhai, na muda si mrefu yuko tena kazini. Msimu huo huo binti yake ananaswa na mtego porini, akajikuta anatazamana na mnyama wa jamii ya chui. Watazamaji wengi waliufanyia mzaha mkasa huo, wakaendelea kutazama. Wapo wanaoona fahari kuorodhesha makosa ya aina hiyo. Mimi nimeacha. Mtu asiyelala ni ndugu yake sungura anayesema, na yeyote anayemkubali mmoja hana sababu ya kumfukuza mwenziwe.

Lakini mfululizo huo ulikuwa na uongo mwingine, ambao haukuchekwa. Bomu linakaribia kulipuka, mtu mmoja anajua liliko, shujaa anamtesa, baada ya dakika chache mtu yule anasema, na alilosema ni kweli. Jumuiya moja ya Marekani iliyokuwa ikifuatilia vipindi vya televisheni kwa niaba ya wazazi ilihesabu matukio ya mateso 67 katika misimu 5 ya kwanza. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, aliyekuwa wakati huo mkuu wa taaluma katika chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri hadi California pamoja na wahoji wenye uzoefu wa kazi, akaonana na watayarishaji wa mchezo huo. Habari za ziara hiyo zilichapishwa mwaka 2007. Malalamiko yake yalikuwa ya kimwalimu. Alikuwa akiwafundisha maofisa wa kesho sheria za vita na heshima ya mfungwa, na wanafunzi wakimjibu kwa yale waliyoyaona kwenye televisheni. Aliwaomba watayarishaji waonyeshe, walau mara moja, mateso yanayoleta hasara badala ya faida. Wahoji nao walieleza kwamba mtu anayeumizwa husema lolote litakalokomesha maumivu, na kwamba taarifa ya kutegemewa hupatikana kwa subira na kwa kumzoea anayehojiwa. Mwaka 2014 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani inayosimamia masuala ya ujasusi ilitoa ripoti juu ya mateso yaliyofanywa na shirika la CIA, ikafikia uamuzi kwamba hayakuwa njia yenye mafanikio ya kupata habari za kijasusi.

Wanafunzi wa Finnegan hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima waliochaguliwa kwa akili zao, tena wanaosomea mambo ya vita. Yawaje basi wacheke kuhusu barabara za Los Angeles, wasicheke kuhusu mateso?

Jibu langu ni hili. Kila mtazamaji amewahi kukwama barabarani, kuona njaa na kusinzia. Katika mambo hayo anayo shaka, naye huiweka kando kwa hiari, kama Coleridge alivyosema. Ni wachache, Mungu awahifadhi, waliowahi kuhojiwa kwa mateso. Katika jambo hilo mtazamaji hana shaka ya kuweka kando; anapokea tu. Saa inayolia, kamera inayotikisika na ofisi zenye meza kama za ofisi za kweli ndizo zinazompa hakikisho kwamba anachopokea ni sahihi. Uhalisi wa juujuu hulipia uongo wa ndani.

Ndiyo maana hoja ya yule mwalimu mwingine nayo haisimami. Ni kweli mtoto anajua kwamba sungura hasemi, kwa kuwa amewaona sungura. Je, mahakama ameiona wapi? Polisi akihoji mtuhumiwa amemwona wapi? Sehemu kubwa ya anayoyajua kuhusu mambo hayo imetoka kwenye kioo, hivyo kumwambia “unajua huo ni mchezo tu” ni kumsifu kwa elimu asiyokuwa nayo. Watayarishaji wenyewe hulitambua jambo hili wanapotaka. Katika mfululizo wa MacGyver, ulioonyeshwa kati ya 1985 na 1992, shujaa alikuwa akitengeneza vilipuzi kwa vitu vya jikoni, nao watayarishaji waliacha kwa makusudi kiungo fulani muhimu, watoto wasije wakaiga. Mtoto alilindwa na kemia. Sijui kwa nini tudhani kwamba katika maadili hahitaji ulinzi.

Hapa niruhusuni niwatetee watu wasiotetewa na wasomi. Katika vibanda vyetu vya video yupo mtafsiri anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wenyewe. Humcheka shujaa, humsuta adui, humpa mhusika jina la mtaani, na pale anaposhindwa kufuata maneno hutunga yake. Walimu wa lugha, nami nikiwa mmojawapo, tumeubeza sana ufundi huo. Sasa naona kwamba mtafsiri yule ameirudisha “Paukwa” mahali ilipoondolewa. Mtoto anayetazama filamu huku sauti ya jirani ikimsimulia hasahau kwamba anasimuliwa.

Riwaya zetu pia zinaweza kutufaa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tunayekutana naye katika Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960, huitafuta kweli kwa kuuliza na kufikiri. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ni mtu wa ngumi na bastola. Nimewafurahia wote wawili, wala simwombi mtu achague. Nawaomba tu mtambue kwamba kweli hupatikana tofauti kwa kila mmoja wao, na kwamba hilo ni swali linalowezekana kabisa kuulizwa darasani.

Sina budi sasa kusema jambo linalonigusa mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini zilipotea fedha za michango ya madaftari. Niliwapanga watoto wa darasa langu mstari mmoja nikaanza kuwachapa mmoja mmoja, nikiwaambia kwamba nitazunguka mpaka mwizi aseme. Katika mzunguko wa tatu mvulana mmoja akakiri. Mzazi wake akalipa. Baada ya wiki mbili nilizikuta fedha zile ndani ya jalada la daftari la mahudhurio, mahali nilipoziweka mimi kwa mkono wangu. Nilimwita yule mtoto nikamwuliza kwa nini alikiri kosa asilolitenda. Akanijibu: “Ulikuwa karibu kunifikia tena, mwalimu.”

Wakati huo hakuna nyumba hata moja kijijini pale iliyokuwa na televisheni. Kwa hiyo yule mvulana wa dawati la mbele aliposema “hata kwenye televisheni”, yawezekana alikuwa akitutaja sisi walimu kwa adabu. Mwalimu anayetafuta mwizi kwa fimbo asubuhi hana la kuwaeleza watoto kuhusu Jack Bauer mchana.

Kuhusu njia ya kufundisha, nitasema machache, maana kila darasa lina hali yake. Msianze kwa kuorodhesha makosa ya filamu. Mtoto ataona mnaidharau starehe yake, naye atawaficha anachotazama. Mwacheni asimulie kwanza, kwa raha zake, kama katika somo lolote la masimulizi. Kisha waulizeni wenzake: ni wapi mlicheka kwa kuwa mlijua haiwezekani? Wapi hamkucheka? Na lile ambalo hamkulicheka, mmelijuaje kwamba ndivyo lilivyo? Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, wala msilikimbilie. Waweza pia kuwaambia waisimamishe saa ya mchezo na kusimulia tukio lile lile kwa kinywa cha mhusika mwingine. Igizo la kupigana au kuteswa lisifanywe kabisa, hata kwa utani, yatosha kusimulia.

Mwalimu mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni alijaribu jambo hilo wiki iliyofuata, nami nikiwa nyuma ya darasa kama kawaida. Yule mvulana wa dawati la mbele alisimulia tukio la mateso kwa ufundi mkubwa, na mlio wa saa akauigiza kwa ulimi. Mwalimu akamwomba alisimulie tena, safari hii yeye akiwa mtu aliyefungwa kitini, tena mtu aliyekamatwa kimakosa, asiyejua lolote kuhusu bomu. Mtoto alianza, akafika mahali anapoulizwa bomu liko wapi, akakwama. Alimtazama mwalimu, akawatazama wenzake. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyosha mkono.

“Mwalimu, sasa huyo asiyejua atasema nini?”

“Ataje mahali popote,” akajibu yule aliyekaa na mwenye kalamu.