Ukiuliza Muleba usiletewe Bukoba

Jamani wadau, leo tuongee kuhusu anwani. Si zile za S.L.P., bali zile ndefu tunazobofya kila siku kwenye intaneti bila kuzisoma.

Chukua tovuti yoyote ya habari za mkoa wetu wa Kagera. Fundi haandiki maelekezo mapya kwa kila ukurasa. Anaipa seva umbo moja tu: /habari/wilaya/mwaka. Neno "habari" halibadiliki, ila wilaya na mwaka ni nafasi za kujazwa, wenyewe wanaziita parameta. Ukiomba /habari/muleba/2016, seva inachukua "muleba" na "2016", inatafuta kwenye hifadhi yake na kukuletea. Rahisi, sio?

Kasheshe iko kwenye kulinganisha. Programu kama Django hupitia orodha ya njia kuanzia juu kwenda chini, na ya kwanza kufanana ndiyo inayoshinda. Fundi akitanguliza /habari/wilaya halafu /habari/matangazo ikafuata chini yake, anayetaka matangazo atatafutiwa wilaya inayoitwa Matangazo! Na kwetu Bukoba ziko mbili, Manispaa na Halmashauri ya Wilaya. Njia inayokagua mwanzo wa neno tu, ikiona "bukoba" itameza na "bukoba-vijijini". Mtu wa Katerero ataletewa habari za Kashai.

Mtasema hayo ni ya mafundi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Tovuti nyingi zikitengenezwa upya, anwani zote zinabadilishwa na zile za zamani zinaachwa zife. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba na shule. Taarifa za siku zile, ahadi za misaada zikiwemo, ziliwekwa mtandaoni. Leo mwananchi wa Muleba akitaka kukumbusha nani aliahidi nini, akabofya linki ya wakati ule na kupewa 404, atamhoji nani, kwa ushahidi gani? Vocha yake imeliwa, na ahadi imezikwa.

Tim Berners-Lee, mgunduzi wa wavuti, alishaandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Na kama ni lazima kuhama, dawa ipo na haina gharama kubwa. Seva inaweza kujibu kwa namba 301, maana yake ukurasa umehamia huku moja kwa moja, na msomaji anapelekwa bila hata kujua.

Kwa hiyo wakuu wa halmashauri, na sisi wa magazeti pia, kabla ya kumlipa fundi wa tovuti mpya tumuulize swali moja tu: anwani za zamani zinaelekea wapi? Akibaki kujikuna kichwa, asilipwe kwanza.

Au nyie mnasemaje, wadau?